Bafu Jipya la Mke wa Cherehani

Kwenye benchi la pembeni ya duka la viatu, birika la kahawa lilikuwa bado limejaa na maneno ndiyo kwanza yameanza. Mzee Cherehani, fundi nguo mstaafu, alikuwa amechora bafu la nyumbani kwake pale chini kwenye saruji, kwa chaki yake ya kukatia nguo. Mkewe alikuwa amepooza upande mmoja, mwezi wa nne huu, na mzee alijiapiza kumjengea bafu la kuingia bila kubebwa. Tena liwe la kupendeza, maana mama yule hajawahi kuvaa kitu cha ovyo. Wenzake walimsaidia kwa moyo wote, yaani walimvuruga.

— Kizingiti ng'oa, alisema Injinia, muuza kufuli aliyepewa uinjinia na benchi. Sakafu iteremke kidogo, maji yajiendee yenyewe.

— Hapo umesema. Na vigae?

— Vya bluu, visivyoteleza.

— Bluu inaleta baridi! akadakia Spika, ambaye jina alilipata kwa kutonyamaza. Weka vya dhahabu. Mgonjwa akijiona anang'aa, mguu wenyewe utaona aibu kulala.

— Acha hizo, bwana!

— Na vishikio kila ukuta. Mpaka darini!

— Darini atashika nani, popo?

Wakacheka. Cherehani alicheka kuliko wote, na moyoni kulimuuma vilevile. Urefu wa vishikio ulipimwa kwa Injinia, kaegemea ukuta wa duka, mkono kaunyoosha, mtu mrefu kama mlingoti.

— Mabomba ya mvua yawe saba, Spika akaongeza. Kila siku ya wiki na lake!

Hapo akafika fundi bomba, binti aliyeitwa kuja kupima, begi la vifaa begani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Tazama kazi hiyo.

Akachuchumaa, akautazama mchoro kwa adabu.

— Umependeza. Ila niambieni kimoja tu, nijue bomba nilipandishe mpaka wapi. Mama anaoga amekaa au amesimama?

Injinia akamtazama Spika. Spika akaangalia kikombe chake. Wote wakamgeukia mume.

Cherehani alivua kofia yake. Kila jioni binti yake akibandika maji ya kumwogeshea mama, yeye huchukua kofia akaja hapa. Alishindwa kuvumilia kumsikia mkewe akilia kwa aibu ya kuvuliwa nguo na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Miezi minne hakukosa hata jioni moja.

— Sijui, mwanangu, alisema. Mke wangu wa miaka thelathini na minane, na sijui.

Aliinuka taratibu, akishika magoti.

— Nisubiri hapa. Saa hizi ndiyo anaogeshwa. Leo nitabisha hodi.