Stanslaus Jilala, Aliyewatembeza Wageni Kanisa Kuu Bila Kupokea Kitu (1911–1958)

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 13 Septemba 1958, alizaliwa Kizumbi, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, tarehe 14 Machi 1911. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Jilala Nkwabi na Mama Kabula. Alichunga ng'ombe hadi alipotimiza miaka kumi, ndipo akaingia shule ya misheni na kumaliza darasa la sita mwaka 1928.

Kanisa Kuu letu lilipojengwa mwaka 1932, alibeba mawe pamoja na vijana wa ngoma ya Bagika. Wao walipewa ukuta wa kaskazini, na wapinzani wao Bagalu ukuta wa kusini, maana kwetu kazi nzito huenda kwa wimbo na kwa kushindana. Vishindo vya Bagika viliisogeza kamba ya fundi, na hakuna aliyekubali kunyamaza ili ipimwe upya, wasije wakapitwa. Ukuta ukapinda, na umepinda hadi leo.

Tarehe 12 Juni 1937 alifunga ndoa na Mwalimu Bernadina, ambaye hakumkubali kila aliyeleta posa. Baba mkwe alipomuuliza ana nini zaidi ya ng'ombe, Stanslaus alijibu kwamba amemjengea Mungu nyumba, ingawa upande mmoja ulimshinda. Mzee alicheka, na posa ikapokelewa.

Kuanzia 1938 hadi 1945 alikuwa karani katika mgodi wa dhahabu, Geita. Aliporudi alikabidhiwa ufunguo wa kanisa. Kila Jumapili baada ya misa ya pili aliwatembeza wageni na kuwasimulia habari za jengo: wachimbaji, watu wa reli, Waislamu wa sokoni. Mama mmoja wa Ushetu alimwachia kuku mlangoni. Stanslaus alimfuata hadi kwenye lori na kumrudishia.

Agosti 1955 alikuja padri mgeni kutoka ng'ambo. Mzee Mabula, mkuu wa wazee wa kanisa, alimwonya Stanslaus asitaje ngoma, kwa sababu ya dawa na waganga wake. Stanslaus akakubali. Mgeni alipouliza kwa nini ukuta umepinda, Mabula alimjibu mwenyewe kwamba ardhi ilititia. Mgeni akamgeukia Stanslaus: ni kweli?

"Hapana, Baba. Tulikuwa tunacheza, kamba ikasogea."

Mgeni alicheka sana. Mabula hakucheka. Jumatano iliyofuata ufunguo ulichukuliwa bila sababu kutajwa, na watu wakajitungia yao: kwamba alikuwa akila vitu vya wageni. Binti yake Paskalia aliitwa kisimani mtoto wa mla kuku wa Mungu. Bernadina alipomsihi mumewe ajitetee, alisema, "Nikijitetea nitamtaja Mabula. Naye ana watoto."

Kifua kilimlaza mwezi Mei mwaka huu. Ijumaa tarehe 5 Septemba Mzee Mabula alikuja kumjulia hali.

"Ufunguo siutaki," Stanslaus alimwambia. "Sema tu kanisani kwamba sikula kitu cha mtu."

"Nitasema, Baba Ignas. Jumapili hii hii."

Jumapili yakatangazwa mavuno ya pamba na ubatizo, basi. Bernadina aliporudi, mgonjwa aliinua kichwa akauliza kama limesemwa. Katika miaka ishirini na moja ya ndoa hakuwahi kumdanganya mumewe. Siku hiyo alimjibu kwamba limesemwa, na watu wote wamesikia. Stanslaus alilala usingizi mzuri, na Alhamisi tarehe 11, saa kumi na moja alfajiri, akafariki.

Kwa hiyo linasemwa hapa, Mzee Mabula akiwepo: Stanslaus Jilala hakupokea kitu cha mgeni yeyote. Linasemwa ili alichoambiwa na mkewe kiwe kweli, hata kama kimechelewa siku sita.

Ameacha mjane, Mwalimu Bernadina. Watoto watatu, Ignas, Paskalia na Justa. Mdogo wake Maduhu, anayeyasoma haya. Na mjukuu mmoja.

Bwana ampe pumziko la amani, na jina lake liachwe lipumzike naye.