Mama Zaituni, Aliyezifundisha Kamera Zetu Kusimama

Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, Mama Zaituni Ramadhani anastaafu baada ya kuitumikia Studio Macho Mbili kwa miaka ishirini na saba, mwanzo hapa makao makuu Gitega, kisha katika tawi letu la Muyinga, mji aliozaliwa. Ana miaka sitini. Yeye husema hamsini na nane, na sisi hatubishani na mtu anayejua upande wake unaotoka vizuri.

Aliingia mwaka 1992, kazi yake kufagia na kuosha picha katika chumba cha giza. Baba yake alikuwa fundi seremala katika mtaa wa Waswahili wa Muyinga, kwa hiyo binti alikuja na mikono inayojua mbao kabla haijajua karatasi. Haikupita miaka miwili akawa anashika kamera. Amepiga picha za vitambulisho, komunio, Idi na harusi zisizohesabika, zikiwemo mbili za mwandishi wa makala hii, ambaye katika zote alitoka vizuri kuliko bibi harusi.

Lakini jina lake limetoka Gitega mpaka mpakani Kobero kwa ajili ya picha ndefu. Wasomi huiita panorama. Ni kilima kizima, toka kushoto hadi kulia, kwa picha kadhaa zinazopigwa mfululizo na kuunganishwa ziwe moja. Studio yetu haina mpinzani kwa kazi hiyo, na anayebisha alete yake tuziweke ukutani pamoja.

Watu hudhani picha ndefu ni kazi ya kamera. Mama Zaituni huwaambia ni kazi ya miguu. Kabla ya kuchagua trepiye, ile stendi ya miguu mitatu, huuliza ardhi kwanza, halafu upepo, na kamera mwisho. Kwenye udongo laini wa Gasorwe baada ya mvua, anataka miguu yenye ncha za chuma. Juu ya mawe, anataka yenye viatu vya mpira. Upepo ukiwa mwingi, hutanua miguu na kuishusha, na katikati hutundika mfuko wa maharage uivute chini. Nguzo ya katikati hataki ipandishwe hata kidogo, maana anasema ni sawa na kumpandisha mlevi juu ya meza. Mfuko ule wa maharage ni kifaa halali cha kazi, ingawa ulipokuja Gitega mara ya kwanza tuliupika.

Mgeni mmoja wa Ulaya alituachia trepiye ya aluminiamu, inang'aa, nyepesi kama filimbi. Sote tuliisujudia, nami mbele ya wote, kwa kuwa nilishaona ndugu yake katika dirisha la duka Bukoba. Mama Zaituni akaipeleka kilimani mara moja, akaiona inavyotetemeka, akairudisha. Mpaka leo iko mapokezi Muyinga, inashika miamvuli ya wateja.

Hata hivyo, heshima yake kwetu haikutoka katika kazi zilizokwenda sawa. Ilitoka katika moja iliyoharibika.

Ilikuwa mwaka 2004, wakimbizi wa Burundi wakirudi kutoka kambi za Tanzania. Venansi, mkulima aliyekulia huko, alikuwa ametangulia na kujenga upya kwao Gasorwe. Mama yake, Mama Anisia, alibaki kambini. Alikataa kupanda gari la kurudi mpaka aone kwa macho yake kwamba nyumbani kungali nyumbani. Venansi akaja kuagiza picha ndefu ya kilima, ipigwe kutoka irembo, yaani mlango wa ua, mahali mama yake alipozoea kusimama kutazama jirani zake.

Pale irembo palikuwa na mvumu, mti uliopandwa na marehemu baba yake siku nyumba ya kwanza iliposimama. Ulikuwa karibu sana na kamera, na milima ilikuwa mbali. Kila kamera ilipogeuzwa, mti ulihama mahali pake mbele ya milima. Tulipozipanga picha juu ya kartoni, mvumu ukawa nusu huku na nusu kule. Mama Zaituni akachukua makasi, akautoa mti wote, mstari wa milima ukaungana kama uzi. Wote tulisifu. Venansi naye alifurahi hata hakukagua, akavuka mpaka na picha kwapani.

Alirudi wiki iliyofuata akiwa mtu mwingine. Aliiweka picha mezani bila kelele, akatusimulia kwamba mama yake aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole pale irembo, kisha akaenda kufuta jina lake kwenye orodha ya msafara. Maneno ya mama yake, Venansi aliyabeba yalivyo: "Kilima nakijua. Mti wa baba yako uko wapi? Waliokata mti huo, mimi wataniacha?"

Msafara uliofuata ulikuwa karibu, na baada yake mvua. Kikohozi kilikuwa kimemshika mama huyo, na Venansi aliogopa kwamba akibaki kambini masika hayo, hatarudi tena kabisa.

Patron wetu, yaani bosi wa wakati ule, alikuwa na lugha tamu. Alianza kueleza habari za mwanga na karatasi. Mama Zaituni akamkatiza.

"Baba Venansi, mti iko palepale. Mi ndiye niliukata, na makasi, juu picha ipendeze. Naomba unisamehe. Kesho tutarudi huko."

Jioni ile hakwenda kwake. Alikwenda kwenye karakana ya kaka yake Houssein, wakachonga kibao chenye mfereji, kamera iweze kusogezwa nyuma juu ya miguu. Akasimamisha vijiti viwili, kimoja karibu na kimoja mbali, vikiwa mstari mmoja. Akageuza kamera: vikaachana. Akaisogeza nyuma kidogo, akageuza tena. Aliendelea hivyo mpaka vijiti vikakubali kwenda pamoja kama watu na mashemeji zao siku ya mahari. Kamera sasa ilikuwa inazunguka palipo jicho lake, badala ya kuzunguka tumboni.

Kesho yake kule Gasorwe aliacha miguu mirefu, akachukua mifupi ya mti mgumu aliyoachiwa na baba yake. Akaipima kwa nivo, ile pimamaji ya fundi mwashi, akatundika maharage, akapiga. Safari hii picha ziliungana na mvumu ukiwa mzima, jani kwa jani, milima nyuma yake. Hakumpa Venansi abebe peke yake. Alivuka naye.

Kambini alikaa chini mkekani, akamwambia Mama Anisia kosa lilikuwa la nani, kisha akampa picha. Venansi anasema mama yake aliangalia mti, akamwangalia Zaituni, akamuuliza kama ana watoto. Alipojibiwa wanne, akasema mwenye watoto wanne hawezi kuja mbali hivi kudanganya. Akaomba arudishwe kwenye orodha.

Siku aliyofika Gasorwe hakuingia ndani kwanza. Alisimama irembo, akaweka kiganja kwenye mvumu, akageuka polepole toka kushoto hadi kulia, akiita majina ya jirani mmoja mmoja, na wengine wakaitika. Mama Zaituni alikuwa pale na trepiye yake, lakini hakupiga. Alisema baadhi ya mambo yanatosha kuonwa.

Leo wapiga picha wetu wote, Jeska na Zakaria wakiwa mbele, wanachagua miguu kabla ya kamera, na wakikosea wanarudi kwa mteja wakiwa na uso wao. Hiyo ndiyo shule aliyotuachia, nasi tuliokimbia shule ya kweli tunamshukuru mara mbili.

Mama Zaituni, Mama Anisia anazeeka nyumbani kwake kwa sababu ulikubali kusema, "Ni mimi." Kwa niaba ya wote wa Gitega na Muyinga: asante sana, mama yetu. Mungu akupe afya, akupe wajukuu wasiochoka, na siku zako zote zilizobaki ziwe njema.