Mwalimu Gololi na Mstari wa Kumi na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetumia miaka arobaini kuuliza swali moja: elektroni ikipita karibu na kiini cha atomu, inapinda kwenda wapi? Wanafunzi walimwita Mwalimu Gololi. Ametutoka wiki iliyopita, akiwa na miaka themanini na mmoja.

Msizime redio! Hata mimi hesabu zilinipiga chenga tangu darasa la tatu. Lakini yeye alikuwa na njia yake. Aliweka kitu sakafuni, akakifunika kwa ubao ulioinuliwa kidogo, kisha akagawa gololi. "Haya, viringisheni. Angalieni zinatokea wapi, halafu mniambie chini kuna nini." Ndivyo kiini kinavyojulikana. Hukioni, unakirushia elektroni na kuangalia zinavyotawanyika. Ila elektroni hizo hukimbia kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga, na hesabu za kawaida hazifui dafu hapo. Inatakiwa nadharia ya uhusianifu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Alikokotoa kwa mkono, kwenye meza ya kulia chakula, pamoja na wifi yake, mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kila mmoja na daftari lake, wamepeana mgongo. Jibu lilipatikana kwa kujumlisha mistari ya namba, mmoja baada ya mwingine, mpaka jumla itulie. Majibu yakilingana, wanakunywa chai. Yasipolingana, hakuna chai.

"Siku ya jedwali la dhahabu tulikunywa," anakumbuka wifi yake, yaani orodha ya namba za jinsi elektroni zinavyopinda zikikutana na atomu za dhahabu. "Yalilingana mpaka tarakimu ya mwisho."

Jedwali likachapishwa. Likatumika miaka sita.

Kisha akaja mwanafunzi mmoja wa kike, akirusha elektroni kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Zilizopinda kidogo zilifuata jedwali. Zilizogeuka na kurudi zilikotoka zilikataa katakata. Mkuu wa maabara akamwambia chombo chake kibovu. Binti akakifungua, akakisafisha, akakifunga. Mara tatu. Majibu yale yale. Akapewa mwezi mmoja: apate namba za jedwali, au afungashe virago.

"Nilikuwa nalia chooni," anasema mwanafunzi huyo, ambaye leo ndiye mkuu wa maabara ileile. "Mwalimu akaja, akaniuliza, 'Umepima mara ngapi, mwanangu?' Nikasema, mara tisa. Akaomba daftari langu."

Akaenda nalo moja kwa moja kwa wifi yake. Wakafungua madaftari yao ya zamani, na kosa likawatazama usoni. Wote wawili walikuwa wameishia mstari wa kumi na mbili. Ni Mwalimu aliyesema pale panatosha, maana namba zilionekana zimetulia. Kumbe bado.

"Nikamwambia, wifi, sisi hatukuhakikishana. Tulikubaliana kukosea," anacheka wifi yake.

Safari hii wakafika mstari wa sitini. Iliwachukua wiki mbili. Jibu likaangukia pale pale alipopima yule binti.

Sasa sikilizeni hapa. Mwezi uleule Mwalimu alikuwa anasubiri kupandishwa cheo kuwa profesa, na jedwali hilo ndilo lililombeba. Angeweza kukaa kimya, na binti angeenda zake. Akabandika karatasi kwenye mlango wa maabara: "Jedwali langu lina kosa. Chombo ni kizima. Aliyekitumia yuko sahihi." Nakala akaituma kwenye jarida lililochapisha jedwali.

Cheo kikachelewa miaka minne. "Hakuwahi kunikumbusha, hata kwa utani," anasema mwanafunzi wake. "Kila nilicho nacho kimetoka kwenye karatasi ile. Namshukuru mpaka nakosa maneno." Karatasi bado ipo mlangoni. Imegeuka njano, na hakuna anayeruhusiwa kuibandua.

Na wifi yake? "Juzi nilitenga vikombe viwili," ananiambia. "Nikavijaza vyote. Nikanywa vyote."

Kwa wifi yake, wanawe wawili na wajukuu: poleni sana, na asanteni kwa kutuazima mama yenu miaka yote hiyo. Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, kabla siku haijaisha, tumkumbuke mtu mmoja tuliyewahi kumwambia chombo chake kibovu. Halafu twende tukajumlishe upya.