Suruali ya Mteja wa Kila Asubuhi

Ndugu waombolezaji, mama yetu, fundi cherehani ambaye wengi wenu mmefika hapa mkiwa ndani ya mishono yake, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1949, akasoma hadi darasa la saba, kisha mwaka 1966 akaingia chuo cha ushonaji, akatoka na cheti na ulimi, na vyote viwili alivitumia hadi uzeeni.

Mwaka 1968 alipata kibaraza mbele ya duka la vitambaa, na hapo mzee wetu, wakati huo kijana fundi saa, alipeleka suruali ipunguzwe, akaulizwa kama ataivaa peke yake au atapandiana mabegani na kaka yake. Aliirudisha mara nyingi bila sababu mpaka ikawa kaptura, na tarehe 5 Desemba 1970 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 2017 mama alianza kusahau, kwanza sufuria jikoni, kisha majina yetu, na hospitali ikathibitisha ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu; siku alipomtoa mzee chumbani kwa mkasi akidhani ni mwizi, sisi watoto tulitaka apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mzee akakataa, akachukua suruali, akabisha hodi, na mama akamkaribisha vizuri, kwani alimsahau mume lakini alimjua mteja.

Tangu hapo kila asubuhi mzee alibisha hodi kwake mwenyewe, akapimwa, akasutwa kwa kitambi, na mama akilala mchana mzee alifumua mshono ili kesho apate cha kurudisha. Siku moja alisinzia kabla ya kufumua, kesho yake suruali ikakatwa hadi magotini, akanunua nyingine ndefu, akaulizwa tena habari za kaka yake, naye muda wote akingoja aitwe mume wangu, hata mara moja.

Hakuitwa. Jioni ya tarehe 9 Machi mwaka huu, akiumwa homa ya mapafu, ameegemea mito, suruali mapajani na sindano mkononi, mama alimtazama mzee sana.

“Mteja wewe, huna mke wa kukushonea?”

“Ninaye, ila ana kazi nyingi.”

“Basi usimgombeze. Njoo kesho nimalizie mguu wa pili.”

Alfajiri akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozoea kumwona mzee akipiga hodi kwake, na mafundi wenzake mama waliotuletea nyuzi bila kuombwa. Na mnaonong'ona kwamba suruali ya mzee leo ina mguu mmoja mrefu, mmeona sawasawa, tulitaka kuumalizia, amekataa, anasema ana fundi wake.

Pumzika kwa amani, fundi. Mteja wako atakuja.