Enid Garbutt, Aliyetangaza Mechi Zilizofutwa

*Wasifu huu umesomwa na mpwa wake, Stuart Precious, Ijumaa tarehe 5 Februari 2021, mbele ya waombolezaji thelathini walioruhusiwa kuingia kanisani, na kuchapishwa kwa ajili ya wote waliosimama nje.*

Marehemu Enid Mary Garbutt alizaliwa Jumanne tarehe 14 Novemba 1944, katika mtaa wa Kiln Lane, mjini Staithby, Yorkshire. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa Bwana Albert Precious, seremala wa bandarini, na mkewe Bi Nora. Nyumba yao ilipakana na uwanja wa klabu ya Staithby Rovers, na dirisha la chumba cha nyuma lilitazama moja kwa moja goli la upande wa bahari. Hakuwahi kuhama nyumba hiyo.

Alisoma shule ya kanisa ya Mtakatifu Hilda, kisha shule ya sekondari ya wasichana, ambayo aliiacha akiwa na miaka kumi na mitano, kama walivyofanya wengi wa rika lake. Mwalimu wake, Bi Pickersgill, aligundua mapema kwamba mtoto huyu alikuwa na sauti inayofika mbali bila yeye kupiga kelele. Kila Novemba alimsimamisha mbele ya shule nzima asome majina ya vijana wa Staithby waliokufa vitani. Dada yake mdogo, Bi Joyce, anakumbuka kwamba Enid alikuwa akinyamaza kidogo baada ya kila jina. Alipoulizwa kwa nini, alijibu, "Nawapa nafasi waitike."

Januari 1960 aliajiriwa katika ofisi ya simu, kwenye ubao wa kuunganishia wapigaji, na baadaye akahamia kampuni ya mabasi, alikopokea simu hadi alipostaafu mwaka 2004. Utangazaji wa uwanjani ulimwangukia tu. Jumamosi moja ya Oktoba 1979 mtangazaji wa Rovers alikaukiwa na sauti, na Enid alikuwa akipita kukusanya vikombe vya chai. Walimsukumia kipaza sauti. Kwa mazoea ya kazi akasema, "Habari za mchana, nikuunganishe na nani?" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mtu mmoja akajibu kutoka nyuma ya goli, "Tuunganishe na mshambuliaji anayejua kufunga!" Toka siku hiyo kazi ikawa yake, miaka arobaini na mmoja. Alisoma vikosi, wafungaji, idadi ya watazamaji, na vikaratasi ambavyo watu walimpelekea kwenye kibanda cha mtangazaji: mtoto amepotea, gari limeachwa na taa zinawaka, fulani anaombwa afike getini.

Alifunga ndoa na Bwana Leonard Garbutt, mfanyakazi wa ghala la samaki, tarehe 3 Septemba 1966. Ibada ilipangwa saa tano asubuhi kwa sababu saa tisa alasiri Rovers walikuwa na mechi nyumbani. Leonard hakuupenda mpira hata kidogo, lakini alimsubiri getini kila Jumamosi na mwavuli mpaka alipofariki mwaka 2011. Walijaliwa mtoto mmoja, Gillian, ambaye ameolewa Aarhus, nchini Denmark.

Msimu wa 2019 na 2020 ulikuwa msimu bora wa Rovers ambao mtu yeyote aliye hai aliwahi kuuona. Kufikia Machi walikuwa wakiongoza ligi, zikiwa zimebaki mechi nne za nyumbani, na watu ambao walikuwa hawajafika uwanjani kwa miaka walirudi na wajukuu wao. Kisha ikaja korona. Geti likafungwa. Mwishoni mwa mwezi ligi ikatoa tamko kwamba msimu wote umefutwa, na matokeo yote yahesabiwe kuwa hayakuwahi kutokea.

Neno hilo lilimkaa vibaya. Wazee watatu waliokuwa wakisimama nyuma ya goli walikuwa wamefariki kati ya Krismasi na Aprili. "Hayakutokea?" alimwambia mwenyekiti wa klabu, Bwana Clive Thackray, kwa simu. "Frank alimwona Danny akifunga lile bao dhidi ya Holme, akarudi nyumbani, akafa Jumatano. Sasa alimwona nani?"

Bwana Thackray alikuwa amempa ufunguo wa uwanja, kwa kuwa ndiye aliyekaa karibu zaidi, na ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuingia kufungulia mabomba na kupitisha hewa vyumbani. Jumamosi tarehe 11 Aprili, saa tisa kamili, Enid akawasha vipaza sauti, akaanza kutangaza mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu uliofutwa. Akasoma vikosi vyote viwili. Dakika ya kumi na tisa, dakika ile ile ambayo bao lilifungwa Agosti iliyopita, akatangaza bao. Wakati wa mapumziko akatangaza kwamba pai zimebaki chache.

Mtaa ulikuwa kimya kama kaburi siku hizo. Sauti yake ilitoka kwenye vipaza sauti, ikavuka nyasi zilizoanza kurefuka, ikagonga mabati ya jukwaa la upande wa pili, na kurudi ikiwa imechelewa kidogo, kana kwamba kuna Enid mwingine kule anayemfuatisha. Siku za mechi mwangwi ule haukuwahi kusikika, maana miili ya watu humeza sauti. Waliokuwa ndani walifungua madirisha. Jumamosi ya tatu walikuwa wanaleta viti. Wengine walivaa skafu za klabu na kukaa vizingitini, kila mtu kwake, wakipiga makofi pale bao lilipotangazwa, huku uwanja mbele yao ukiwa mtupu, magoli hayana nyavu, na shakwe wakitembea katikati.

Mechi za nyumbani zilizokuwa zimechezwa zilikuwa kumi na tano. Ya mwisho aliisoma tarehe 18 Julai, na watu wakadhani yamekwisha.

Tarehe 25 Julai, saa tisa, sauti yake ikasikika tena. Alitangaza vikosi vya mechi iliyopangwa kuchezwa Machi 21, ambayo haikuchezwa popote na mtu yeyote. Alitangaza mabao mawili na dakika zake. Alitangaza mchezaji aliyeumia kifundo cha mguu. Bwana Thackray, aliyekuwa amesimama kwenye lango la nyumba yake, alisema baadaye kwamba hakuogopeshwa na maneno yale. Alichokiona, na ilimchukua nusu saa kukielewa, ni kwamba mwangwi haukuwepo. Sauti ilikwenda na haikurudi.

Akavuka barabara, akasimama nje ya kibanda, mita mbili kama ilivyotakiwa.

"Bi Enid, hizi za leo umezitoa wapi?"

"Nasema ninachokiona, Clive."

"Uwanjani hakuna mtu."

Enid alitazama uwanja, kisha akamtazama yeye. "Basi punguza sauti," alisema, "unawasumbua."

Mwenyekiti alirudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba upweke unamharibu mama yule. Huenda. Gillian alimpigia simu kutoka Aarhus kila jioni wiki hiyo na kumkuta timamu, akilalamikia bei ya nyanya. Alipomuuliza kuhusu uwanja, mama yake alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kazini kwamba vikaratasi vimeanza kuletwa tena mezani, na kwamba hakuona vibaya kuvisoma, maana ndiyo kazi.

Tarehe 8 Agosti, katika mechi ya tatu kati ya hizo nne, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, Kiln Lane nzima ilimsikia akisema, "Bwana Cyril Outhwaite. Bwana Cyril Outhwaite, unaombwa ufike getini. Mkeo anakusubiri."

Cyril Outhwaite aliuza vijitabu vya programu za mechi uwanjani miaka thelathini. Siku hiyo alikuwa hospitalini kwa wiki ya pili, na hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Mkewe, Dot, alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Cyril alikata roho saa kumi na dakika nne.

Jioni ile ile binti yao, Janine, alifika mlangoni kwa Enid. Majirani walikuwa madirishani, na maneno yao yalisikika.

"Nani alikutuma umwite baba yangu?"

"Sikutumwa, mwanangu. Niliikuta karatasi mezani, nikasoma."

"Mama amekufa, Bi Enid. Wewe mwenyewe ulikuja kumzika."

"Nilikuja. Na mwandiko naujua, aliniandikia kadi kila Krismasi."

"Ilete."

Enid aliingia ndani, akatoka na kikaratasi kilichokunjwa mara mbili, akakiweka juu ya ukuta mdogo wa bustani na kurudi nyuma hatua kadhaa. Janine alikifungua. Jirani wa dirisha la juu anaapa kwamba hakikuwa na kitu, kilikuwa cheupe pande zote mbili. Janine alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti iliyobadilika kabisa, "Alikwenda? Getini, alikwenda?"

"Nilimwona akishuka ngazi za jukwaa," Enid alisema. "Alishuka haraka kuliko nilivyozoea kumwona."

Janine alikikunja kikaratasi kile, akakitia mfukoni, akaondoka. Familia ilimuuliza mwezi huu kama angependa kukizungumzia. Alijibu kwamba hicho ni chake.

Bwana Thackray alikuja kuchukua ufunguo Jumatatu. Alikuwa amepokea malalamiko. Mama mmoja wa nyumba namba 40 alikuwa amehamia kwa dada yake kwa hofu ya kusikia jina lake. Enid hakubishana, aliutoa ufunguo kwenye kitanzi chake na kumpa. Aliyekwenda kumwombea ni Janine. Alimwambia mwenyekiti kwamba imebaki mechi moja, na kwamba baba yake angetaka kujua ilikwishaje.

Kwa hiyo ufunguo ukarudishwa, na tarehe 15 Agosti madirisha yote ya Kiln Lane yalikuwa wazi, hata la namba 40, mama yule akiwa amerudi. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisikiliza dakika moja baada ya nyingine kama wanaosikiliza hukumu. Ilikuwa mechi ambayo ingewapa ubingwa na kuwapandisha daraja, ile waliyokuwa wakiililia tangu Machi kwamba wameibiwa. Dakika ya themanini na nane Enid alitangaza penalti, kisha akataja mfungaji. Hakuwa wa Rovers. Baada ya filimbi akasoma matokeo ya viwanja vingine, na msimamo wa ligi: Staithby Rovers, nafasi ya pili.

Kama angekuwa anatunga, watu wa mtaa walisema baadaye, angetunga ushindi. Hakuna mtu Staithby aliyeitaka timu hii ishinde kuliko yeye. Bwana Thackray alimkuta akifunga kibanda, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka.

"Miezi mitano nawaandikia ligi barua," alisema. "Kumbe hata kwenye mechi ya hewa tumefungwa?"

"Na ilikuwa penalti halali kabisa," Enid alimjibu, akampa ufunguo bila kuombwa. Hakukigusa tena kipaza sauti. Septemba waliporuhusiwa watazamaji wachache, wakikaa kila mmoja mbali na mwenzake, alinunua tiketi kama mtu yeyote na kusimama nyuma ya goli. Novemba geti likafungwa tena.

Marehemu alikuwa na udhaifu wa moyo tangu mwaka 2015, lakini hakuuendekeza. Siku chache baada ya Mwaka Mpya alishikwa na homa na kukosa pumzi, na Jumamosi tarehe 9 Januari 2021 akalazwa. Gillian hakuweza kuvuka mipaka kuja. Muuguzi mmoja, Bi Marisol, ambaye familia haitamsahau, alimshikia simu sikioni kila alipopata nafasi, wakati mwingine akiwa amemaliza zamu yake.

Jumatano jioni, tarehe 20 Januari, Gillian alizungumza naye kwa mara ya mwisho. Alisikia nyuma ya pumzi za mama yake mlio ambao aliudhania kuwa wa mashine, mpana, unaopanda na kushuka kama sauti za watu wengi kwa mbali. Alimuuliza Bi Marisol baadaye. Mashine za chumba kile, muuguzi alijibu, hazina mlio wa namna hiyo.

"Mama, unaogopa?" Gillian alimuuliza.

"Hapana. Wameniletea kiti, Gill. Miaka yote hii nimekuwa nawasimulia wenzangu. Ngoja na mimi nitazame."

Alifariki Alhamisi tarehe 21 Januari 2021, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha binti yake Gillian na mkwe wake Jens, ambao wako nasi kwa njia ya simu, wajukuu wawili, Freja na Magnus, dada yake Bi Joyce, mpwa mmoja, na klabu ambayo mpaka leo haijui itafungua geti lini. Jeneza litapitishwa Kiln Lane likielekea makaburini, na familia inawaomba mbaki vizingitini kwenu.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Enid wetu apumzike kwa amani, kazi yake ameimaliza.