Mwalimu Selpha na Santuri Isiyo na Jalada

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Uliye jikoni, epua sufuria kwanza. Leo sianzi na wimbo, naanza na jina. Selpha Nasimiyu Khisa. Mwalimu Selpha wa Chaka. Nyinyi wa zamani mnamjua. Alifariki wiki iliyopita mjini Nyeri, nyumbani kwa Nekesa, binti yake. Jumamosi tulimzika upande wa Bungoma, kwa wakwe zake, kando ya mumewe. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Mwalimu Selpha wa Chaka ametutoka. Amelala kando ya mumewe, na katika kaburi la huyo mumewe hamna mtu. Hilo nitalifikia. Msiniharakishe.

Mimi ni Munyao wenu. Mnakumbuka ile miaka ya mwanzo ya uhuru, tulipokuwa na kile kipengele cha “Nimeikuta”? Msikilizaji akipata santuri mpya iliyomgusa, alituandikia kadi, nasi tuliicheza ili wenzake waionje. Kadi zilitoka Murang'a, Kerugoya, Nanyuki. Lakini kadi niliyoingojea ilitoka Chaka. Mwandiko wa mwalimu, umenyooka kama madawati. Siku moja aliandika, “Msisikilize gitaa la kwanza, linajisifu tu. Sikilizeni la pili.” Nikasikiliza la pili. Mpaka leo, wapendwa, nikisikia gitaa nalitafuta la pili.

Sasa njooni Chaka. Ni soko dogo kwenye barabara ya Nyeri kwenda Nanyuki, na upepo wa mlima pale huuma masikio. Palikuwa na hoteli ya Wamae, chai na mandazi, na kwenye kona palikuwa na gramafoni ya mawe, haya mawe ya tochi na redio. Siku ya soko, mchana, wapenzi wa muziki walikutana pale. Kila mmoja alileta santuri aliyoikuta. Kanuni yao ilikuwa moja. Sindano ikishuka, hakuna kusema mpaka inyanyuke. Ukikohoa, unatoka nje ukamalizie kikohozi kwenye baridi.

Wamae alikuwa mtu mzuri, Mungu amrehemu, lakini mkono wake ulikuwa mgumu. Mawe yakichoka, hakununua mengine. Aliyaanika juu ya bati. Jua lisipotoka, aliyapanga kando ya jiko. Basi pale Chaka kila wimbo ulitembea polepole, na watu wakauzoea hivyo. Tulipoucheza wimbo ule ule hapa redioni, Wamae aliniletea malalamiko. “Munyao, hiyo redio yenu iko na haraka gani? Wimbo inakimbia ati kama imeiba kuku.” Tukacheka. Chaka nzima ilimwamini Wamae. Waliona ni sisi tunaokimbia. Lishikeni hilo, wapendwa, maana nitalirudia.

Mume wa Mwalimu Selpha alikuwa Khisa, askari wa msitu. Alikuwa na sauti nzito, na kicheko cha chini chenye ngazi tatu: he, he, he, kila moja chini ya mwenzake. Julai ya mwaka wa sitini na saba, ng'ombe wa watu walipotelea msituni, Khisa akapanda kuwatafuta. Ng'ombe walirudi wenyewe. Khisa hakurudi. Walimtafuta mpaka wakachoka, wakapata kofia yake tu, imewekwa juu ya kisiki. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kofia ilikuwa kavu.

Narudia. Kofia ilikuwa kavu.

Kule kwao kina Khisa, mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba, likalazwa kaburini mahali pake. Watu wanalia, mjane anafunguliwa, na marehemu anapata pa kulala. Wafula, kaka mkubwa wa Khisa, alikuja Chaka kumwomba Selpha akubali. Selpha alikataa. Kila jioni alimwekea Khisa sahani ya chakula mezani. Nekesa aliniambia hivi wiki hii: “Mimi nilikuwa naiogopa ile sahani. Asubuhi mama alikuwa anammwagia Kaptula.” Kaptula alikuwa mbwa wa Khisa. Tangu bwana wake apotee, alimfuata mwalimu kila mahali, hata kwa Wamae, akalala chini ya benchi. Na kanuni ya kutokohoa aliishika kuliko binadamu.

Ikaja Julai nyingine, miaka miwili baadaye. Ukungu uliketi Chaka ukakataa kuondoka. Siku ya soko akafika Ahmednoor, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki, akiwa na santuri isiyo na jalada. Karatasi ya katikati ilikuwa imekwanguliwa. “Walahi, hata mimi sijaisikia,” akasema. “Kuna mtu alikuwa anahama, anataka kuitupa. Nikamwambia lete.” Wamae akatoa mawe kando ya jiko, akayapangusa majivu, akayatia. Baridi ya siku ile, wasikilizaji wapendwa, hata chai ilikuwa inapoa njiani kutoka birika hadi kikombe.

Sindano ikashuka. Ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, ya polepole, inaimba kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Wamae alikuwa anamimina chai. Akaacha. Alimjua Khisa miaka mingi, na Khisa ndiye aliyekuwa akiimba.

Kaptula akaamka chini ya benchi. Akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa. Akasimama pale, uso kwenye mbao, akitikisa mkia.

Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Wimbo wa mwisho ulipoisha, mwimbaji akacheka. He, he, he. Ngazi tatu kwenda chini. Sindano ikanyanyuka. Mwalimu Selpha akasema, “Huyo ni Baba Nekesa.” Hakuna aliyembishia. Wamae mwenyewe alinihadithia baadaye, na sikumwona akitabasamu. “Mimi ni mtu wa kanisa, Munyao. Lakini hiyo siku nilienda nikafungua mlango. Niliona ni vibaya kumfungia mtu nje.”

Nje palikuwa na ukungu tu.

Kuanzia siku ile mwalimu hakuwa na shaka. Khisa yuko hai. Amepotewa na akili huko aliko, amejifunza lugha ya watu, anaimba. Akatuandikia: “Nimeikuta santuri isiyo na jina. Nawaomba wasikilizaji wenzangu, anayemjua mwimbaji huyu aniambie yuko wapi.” Niliisoma kadi hiyo hewani. Watu walifunga safari kutoka Murang'a na Kerugoya kwenda kuisikiliza kwa Wamae, na wengine waliondoka kabla haijaisha. Mwalimu hakuwa na gramafoni yake. Narudia, hakuwa na gramafoni yake. Santuri ile aliijua kwa mawe ya Wamae peke yake.

Wafula akarudi. Safari hii hakuja kubembeleza. “Shemeji, mama anaisha. Hali chakula, halali usingizi. Anasema hawezi kulala kabla mtoto wake hajalala. Wewe unamshikilia huku, na sisi tumefungwa pamoja na wewe.”

“Shemeji,” Selpha akamjibu, “utazikaje mtu anayeimba?”

Wakapatana. Wataileta santuri hapa kwetu Nairobi, kwa watu wanaojua santuri. Ikithibitika ni Khisa, Wafula atamtafuta hata akavuke mipaka. Ikiwa si yeye, mgomba utakatwa.

Walifika asubuhi. Mwalimu amevaa koti lake zuri, santuri ameifunga kwa leso na kuipakata kama mtoto mgonjwa. Wafula nyuma yake, kofia mkononi. Fundi wetu wa mitambo, Kingori, aliipangusa vumbi akaiweka kwenye mashine yetu ya umeme. Sindano ikashuka.

Akaimba msichana. Msichana mdogo, wapendwa, mchangamfu, sauti nyembamba inarukaruka kama mtoto aliyetumwa dukani akapewa na cha kwake.

Wafula akatazama sakafu. Mwalimu Selpha akasema, “Mmeibadilisha.”

“Ni hii hii, mwalimu,” Kingori akamwambia. “Tazama hapa ilipokwanguliwa.” Kisha akauliza, taratibu, “Kule Chaka mnatumia mashine gani?”

“Ya mawe.”

“Na mawe yakichoka?”

“Wamae huyapasha joto jikoni.”

Kingori akarudi kwenye mashine. Aliweka kidole kimoja pembeni mwa ile sahani inayozunguka, akaikandamiza kidogo. Sahani ikapunguza mwendo. Sauti ya msichana ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, mpaka ndani ya studio hii ninayoketi sasa akawa anaimba mwanamume. Na Wafula, yule aliyekuja kuzika, alishika meza kwa mikono miwili, akaita kwa lugha ya kwao, “Ndugu yangu!”

Kingori akashtuka akaondoa kidole. Msichana akarudi.

Mwalimu akasimama. “Niachie mimi.” Akaweka kidole chake. Khisa akaimba. Alituimbia upande mzima wa santuri, na mkewe amesimama juu yake, amefumba macho, machozi yanadondokea koti. Sikuthubutu kumgusa. Wimbo wa mwisho ulipokaribia kwisha, kabla tu ya kile kicheko, akanyanyua kidole mwenyewe. Msichana akacheka. Kicheko chembamba, cha raha zake.

Mwalimu Selpha akasema, “Nimemkaba mtoto wa watu ili mume wangu aongee.” Akakaa chini. Baadaye akasema, “Shemeji, mkate mgomba.”

Nililia siku ile. Kingori alilia. Mtangazaji wa habari aliingia akatukuta tunalia, akatoka bila kuuliza.

Mgomba ukakatwa, ukazikwa kwa jina la Khisa. Mama mkwe alilia kilio chake chote, akalala, akala. Alifariki kabla ya Krismasi, kwa amani, watoto wake wakiwa wamemzunguka. Mwalimu akarudi Chaka, akaondoa ile sahani mezani, akampelekea Wamae mawe mapya. Ikabidi watu wa Chaka wajifunze upya kila wimbo walioupenda. Wamae alinung'unika mpaka kifo chake: “Huyu mwalimu ameleta haraka ya Nairobi huku kwetu.” Nami nikapokea kadi: “Nimeikuta santuri mpya. Ni ile ile. Sikilizeni binti huyu anavyocheka.” Miaka yote iliyofuata alituletea santuri nyingine nyingi, lakini hakuna aliyoipenda kama hiyo.

Hapo hadithi ingeishia, na ningewawekea wimbo. Ila kuna mambo mawili yananisumbua.

La kwanza ni Kaptula. Sisi binadamu tulidanganywa na mawe yaliyochoka, sawa. Tulitaka kudanganywa. Lakini mbwa, wapendwa, alitaka nini pale mlangoni? Nilimuuliza Wamae zaidi ya mara moja. Kila mara aliniuliza kama nitaongeza chai.

La pili ni Jumamosi hii, mazikoni. Mwalimu alikuwa ameagiza santuri ile ichezwe akiteremshwa. Nekesa alikuja na gramafoni ya marehemu Wamae. Mawe yalikuwa mapya, niliyaona yakitolewa kwenye karatasi. Jua la Bungoma lilikuwa kali, hakuna baridi, hakuna ukungu. Msichana akaimba vizuri, kwa mwendo wake, mwanzo hadi mwisho. Jeneza likagusa chini. Kikaja kicheko.

Kilishuka. He, he, he. Ngazi tatu.

Nilikuwa pale. Nilisikia. Nekesa alidhani mawe yameisha, akarudisha sindano nyuma kidogo, na wimbo ukaenda sawa, wa msichana. Wafula sasa ni mzee sana. Alivua kofia, akalitazama lile kaburi la mgomba, kisha hili jipya. “Amekuja kumpokea,” akasema, na akaanza kutupa udongo.

Kwako Nekesa, kwako Mzee Wafula, kwa ukoo wote wa Khisa na kwa wapenzi wa muziki wa Chaka mliobaki: poleni sana. Mungu awape nguvu. Mwalimu alitufundisha kusikiliza gitaa la pili, na somo hilo hatulirudishi. Na wewe unayenisikiliza, fikiria kidogo jioni hii. Kila nyumba ina mtu aliyeondoka bila kuaga. Kama umeweka kidole juu yake ili aendelee kuongea na wewe, sikulaumu. Nilimwona mwanamke mwenye akili kuliko mimi akifanya hivyo. Lakini nilimwona pia akikinyanyua.

Santuri iko hapa. Nekesa ameniazima, anasema mama angetaka muionje wote. Umeme ni mzuri, nimemuuliza Kingori mara mbili. Yeye mwenyewe amekataa kukaribia mashine, amesimama kule nyuma ya kioo cha studio. Nitawawekea wimbo wa mwisho, pamoja na kicheko. Mikono yangu itakuwa mezani.

Kanuni ya studio ni mlango kufungwa. Leo nimeuacha wazi.