Kijani cha Mlango wa Apondi

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata pale mlangoni, na neno nililo nalo si la kusemwa mara mbili. Aoko, niinulie mto kidogo. Frankline, wewe kaa hapo nikuone uso. Sitakutukana leo, lakini nitasema, nawe utanisikiliza mpaka mwisho.

Mimi Sylvance Okoth nimewalea kwa rangi. Nilianza kwa kupaka mabehewa ya reli, kisha nikafungua karakana yangu Kariobangi, watu wakaniletea milango, makabati na mageti. Kipimo changu kilikuwa jicho. Nilichanganya, nikapaka kibao, nikakiweka juu ya paa kikapigwa jua na mvua mwaka mzima kabla sijampa mteja rangi ile, kwa kuwa rangi mbichi hudanganya, tena mbao haiipokei kama chuma, wala plasta kama mbao. Vibao hivyo ni mia mbili na kitu, vimo chini ya kitanda hiki. Nyumba ni ya kaunti, na shamba la Siaya mlishagawiwa. Mali yangu iliyobaki ni hivyo.

Kimoja kati ya hivyo ni cha mlango wa mama yenu. Apondi alipokuja kukaa nami hapa mtaa wa Ziwani, alilia kwamba nyumba zote zimefanana na atapotea akirudi kutoka sokoni. Nikachanganya wiki nzima hadi nikapata kijani cha majani ya kunde, nikaupaka mlango, nikamwapia kwamba Nairobi nzima hakutakuwa na mwingine kama wake. Wenye pesa zao walikuja, nikawakatalia. Bedan Muriuki, mwenzangu wa karakana, aliniuliza siku moja tu kinachanganywaje, nami nikamfukuza kama mwizi, mtu niliyekula naye sahani moja miaka kumi na tisa.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka jana nilipoanza kuugua, Frankline aliniletea mgeni mpole, akaniambia, "Baba, huyu anakusanya historia yako, isije ikasomwa ya uongo siku ya kukuaga." Nani hapendi historia yake isomwe sawasawa? Aoko akampikia samaki. Siku tatu nilieleza nikamaliza, yeye ameweka simu mezani, na kila kibao akakigusisha kidude kidogo kama kiberiti, nami nikadhani anapiga picha. Nikamwonyesha hata kibao cha Apondi. Nikamweleza hata mchanganyiko wake, kwa kuwa nilidhani yatasomwa nikiwa nimekwisha kulala.

Kisha Aoko akaenda kununua rangi kule Pipeline. Siku hizi huulizi fundi. Unaionyesha mashine ya dukani picha ya ukuta wako, nayo inajua kama ni plasta au mabati, inajua jua linaingilia wapi, inakuchagulia rangi. Ikamwambia kwa sauti ya kike, "Jikoni usipake nyeupe ya hospitali, moshi utaiaibisha." Aoko alisimama palepale akalia, kwani maneno hayo nilimwambia mimi, akiwa mtoto. Alipotoka nje, jumba la ng'ambo ya barabara, orofa nane, kila mlango ulikuwa kijani cha mama yake.

Nilipokuuliza, Frankline, ulinijibu nini? "Buda, acha stress, hiyo ni data tu. Kwani nini imetoka kwa nyumba?" Ni kweli, vibao vyote vimo. Mwizi wa kuku huacha manyoya, nyinyi hamkuacha hata alama ya kushika. Uliniumiza, mwanangu, kuliko ugonjwa huu. Ungeniomba, huenda ningekataa, lakini ningekataa kama baba anavyomkatalia mwanawe, na kesho tungekunywa chai. Wewe uliona afadhali kunidanganya kwa mazishi yangu.

Na juzi umekuja na karatasi, kwamba wenye mashine, waliomtuma yule mgeni, wanataka dole gumba langu, ionekane niliwapa kwa hiari. Sitaweka dole. Nimesema mbele ya dada yako, sitaweka.

Maji, Aoko... Basi, yanatosha.

Vibao ni vya Aoko. Nendeni mtaa wa Lucky Summer nyote wawili, mkampigie magoti Bedan Muriuki, mkamwambie Okoth amekiri kwamba alimdhulumu. Nilikuwa nikimkagua mtu wa nje mifuko, na mwizi nimemzaa mimi. Na mlango huu ukwangueni. Kwangueni mpaka mbao ionekane, muuache hivyo, uwe peke yake tena.

Frankline, wewe ni mkubwa. Udongo wa kwanza kaburini ni wako, sikunyimi. Wala sikulaani. Mungu akulinde, akupe watoto... watoto watakaokuuliza kabla ya kuchukua. Nawabariki. Wote. Mpendane, hata kama... ngojeni.

Sioni vizuri. Aoko, uko wapi? Njoo upande huu.

Nikishakata roho, shika mkono wangu wa kulia. Kikunje kidole gumba ndani ya kiganja, ufunge na vingine juu yake. Usimwachie mtu. Hata huyu ndugu yako akilia, usimwachie. Shika hivyo... mpaka ugande.